Desemba ya Diani huanza Mei, kwenye ua wa nyanya yako

Kila ikifika Oktoba simu yako inajaa maboga. Unazijua hizo video. Msichana wa huko Marekani kakaa sakafuni, mbele yake boga la rangi ya chungwa, analipaka maua meupe, analifunga utepe, halafu mwisho anakuonyesha meza tupu: yote yameuzwa, karo ya muhula imepatikana. Wewe uko Ukunda umejilaza mkekani, feni imesimama kwa sababu tokeni za stima zimeisha, na unajiuliza: mimi hapa ningeuza nini?

Jibu langu ni fupi. Boga, hapana. Kibuyu, ndiyo. Ila si kwa wakati unaoufikiria wewe, na hilo la wakati ndilo lililonifanya nikae chini kuandika haya.

Tuanze na boga ili tulimalize. Kwetu Kwale boga ni chakula. Ramadhani ikiingia linapikwa kwa tui, linaliwa na wote, hakuna anayelitazama kama pambo. Jaribu kumpelekea mama wa Kidigo boga ulilolipaka rangi ya mafuta uone atakavyokuangalia. Halafu kuna joto. Boga lililochongwa halimalizi wiki kwa jua letu, linaanza kutoa maji na nzi wanafanya mkutano. Wamarekani wana baridi ya vuli na wana sherehe yao ya 31 Oktoba, Halloween, iliyovuka bahari pamoja na wahamiaji wa Ireland. Kwao Ireland walikuwa wakichonga tanipu, mzizi fulani mgumu kama figili kubwa. Walipofika Marekani wakakuta boga, wakaona hili ni rahisi kuchonga. Yaani hata wao walichukua mkono waliokuwa nao nyumbani wakauweka kwenye kile kilichokuwa shambani. Hicho ndicho cha kuiga. Boga lenyewe waachie.

Kilichoko shambani kwetu ni kibuyu. Na kabla hujachanganyikiwa, sisemi buyu la mti wa mbuyu, zile mbegu nyekundu za sukari tulizokuwa tukizimumunya tukitoka shule. Nasema kibuyu cha mmumunye, ule mtambaa unaoparamia ua wa makuti na kufungua maua meupe jioni. Ni ukoo mmoja na boga, tango na tikiti. Kikiwa kichanga hupikwa, kikikomaa ganda lake linakuwa kama mbao nyepesi. Nyanya zetu walichotea maji, wakatilia maziwa, wakahifadhia mbegu za msimu ujao na, tusijifanye watakatifu, mnazi pia ulinywewa humo. Halafu ukaja mtungi wa plastiki wa manjano na kibuyu kikakosa kazi. Pita leo nyuma ya nyumba huko Msambweni, Lunga Lunga au ukipanda Kinango, utavikuta vimeanguka chini ya ua, vinaoza, mbuzi anavipiga teke.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa, hakuna hadithi ndefu hapo. Tangu wakati huo naandika, napiga picha za watu wakiwa likizoni, na napamba vibuyu. Kwa hivyo nikisoma zile makala za "kijana, jiajiri" huwa nakunja uso, manake mara nyingi aliyeandika ana mshahara na bima ya matibabu. Sitakuambia utatajirika. Nitakupigia hesabu hapa chini na utaona mwenyewe ni pesa ngapi.

Kwanza tembea ufuoni kidogo. Anzia upande wa msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini, ushuke hivi kuelekea kusini. Tangu 2015 Diani imepewa mara kadhaa tuzo ya ufuo bora Afrika, hoteli zimebandika vyeti mapokezi. Sasa angalia vibanda vinauza nini. Twiga wa mbao. Vifaru vya mawe kutoka Kisii. Shanga za Kimaasai. Picha za Tingatinga, mtindo uliozaliwa Dar es Salaam. Vikoi. Vyote ni vizuri na vyote vina wenyewe. Cha Kwale kiko wapi? Unaweza kumaliza ufuo mzima usipate kitu kimoja ambacho ungesema hiki kimeota Msambweni na kimepambwa na mtu wa Msambweni. Tunawauzia wageni ufuo wetu pamoja na kazi za mikono za wengine, sisi tunabaki na kamisheni.

Usinielewe vibaya, sina ugomvi na Wakamba. Kinyume chake, wao ndio mfano wangu. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu aliujua uchongaji wa kuuza alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani, na kutoka kwake ukasambaa kijiji kizima, halafu ukashuka mpaka Mombasa. Mwaka 1963 wachongaji wakaanzisha ushirika wao Changamwe, upo hadi leo, mabasi ya watalii yanasimama pale. Mpingo ulipoanza kuadimika wakahamia mwarobaini, mti ambao Pwani umejaa. Ona basi: mtu mmoja kaleta ujuzi, wenzake wakajipanga, malighafi ikabadilika nao wakabadilika. Na kama hujui, Kitui kuna akina mama wa Kyanika waliojulikana kwa kukusanya mbegu za vibuyu vya kila umbo pamoja na nyimbo na hadithi zake, wakavihifadhi kama mali. Vibuyu! Hivi hivi vinavyopigwa teke na mbuzi kwetu.

Sasa tufike penye uzito.

Mtu yeyote anayeishi Diani anajua mwaka una sura mbili. Kuna sizoni, na kuna njaa. Desemba mpaka Machi kaskazi inavuma, bahari imetulia, ndege zinajaa kiwanja cha Ukunda, tuktuk hazipatikani. Pasaka kuna mshindo mwingine. Halafu masika inashuka, kusi inaanza, na kuanzia mwisho wa Aprili mpaka Juni hoteli nyingine zinafunga kabisa zipake rangi. Wafanyakazi wa mkataba wanarudishwa nyumbani. Julai na Agosti panaamka tena, panalala, panangoja Desemba.

Miezi hiyo ya njaa sisi hufanya nini? Wewe unajua. Maskani inajaa kuanzia saa tatu asubuhi. Muguka mdomoni, simu mkononi, mkeka wa mechi za Ulaya unajazwa kwa pesa iliyokopwa kwenye simu hiyo hiyo. Kila mtu ana mpango na kila mpango unaanza na maneno "sizoni ikifika." Halafu sizoni inafika, na siku ya tarehe 18 Desemba mtu anakimbia kutafuta kitu cha kuuza. Ananunua bidhaa kwa jumla kwa bei ya juu, kwa sababu kila mtu ananunua siku hiyo hiyo, anaingia ufuoni na kitu kilekile walichonacho wenzake 40, kwa hivyo silaha yake pekee ni kushusha bei. Tarehe 5 Januari amechoka na hana kitu, analaumu serikali, wazungu, na rushwa. Sisemi hao hawana makosa. Nasema pesa ya Desemba ilipotea Mei, yeye akiwa maskani.

Kibuyu ndicho kilichonifundisha hivyo, manake kibuyu hakikubali haraka. Unakipanda mvua za masika zikianza, Aprili au mapema Mei. Kinatambaa, kinatoa maua, kinazaa. Kinataka miezi minne au mitano kukomaa. Halafu unakiacha kikauke, na hapo wengi huharibu: wanakikata kikiwa na maji ndani, kinanyauka kama papai. Ngoja mpaka kikonyo kiwe kikavu na kahawia, ndipo ukate ukibakisha kikonyo kidogo, ukining'inize kivulini penye hewa. Kitaota ukungu mweusi nje, usiogope, hiyo ni kawaida. Mwezi, miwili, kubwa hata mitatu. Siku utakapokigonga kilie kama ngoma na ukikitikisa mbegu zicheze ndani, kiko tayari. Piga hesabu ya miezi. Aprili, ongeza mitano, ongeza miwili. Umeangukia Novemba. Ni kama mmumunye unajua kalenda ya ndege za Ulaya.

Ndiyo maana nikasema Desemba huanza Mei. Wakati Diani haina mtu, mvua ndiyo ipo na muda ndio upo. Na ukitaka usikae bure ukingoja vya kwako vikue, nunua vilivyokauka vya mwaka jana kwa wazee. Wengi watakushangaa unavitakia nini, na watakuuzia kwa bei ya soda.

Kuhusu kupamba sina siri. Loweka kibuyu kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, ukungu usugue na waya wa kusugulia sufuria, ukikauka upige msasa. (Msasa wa asili ni majani ya mti, ndiyo maana karatasi ile tunaiita hivyo. Majani bado yanafanya kazi.) Funga kitambaa puani unapokwangua ndani, lile vumbi si la kuchezea, mimi nilikohoa wiki mbili. Kuna wanaochora kwa kisu chenye ncha halafu wanapaka masizi na mafuta yaingie kwenye michoro. Kuna wanaochoma kwa waya ulioshika moto kwenye jiko la makaa, au ile chuma ya stima anayotumia fundi redio. Kuna wanaotoboa matundu kwa drili ndogo, wanatia balbu ya LED ndani, na ukizima taa za nyumba ukuta mzima unakuwa nyota. LED, si balbu ya zamani, ile itachoma ganda. Hizo taa ndizo zinazouzika zaidi upande wangu, mkubwa kwa mdogo anazipenda.

Rangi? Kwale tunalima bixa, ile mbegu nyekundu inayouzwa kutia rangi vyakula nchi za nje. Iko shambani, inatoa rangi ya machungwa ya ajabu. Lakini ujue hupauka mwangani, kwa hivyo itumie kwa kitu cha ndani, uifunike kwa vanishi, na umwambie mteja asikiweke dirishani. Mteja uliyemwambia ukweli mdogo kama huo atakuamini kwenye mambo mengine yote.

Michoro ndiyo inanikera nikitazama za wenzangu. Kijana kakaa siku nzima halafu anaandika "Hakuna Matata" na kuchora simba. Simba wa wapi, Diani? Umezungukwa na mbega weusi wenye mikia mieupe wanaoruka juu ya barabara, na Diani ni mojawapo ya mahali pachache Kenya mtu anawaona kirahisi. Una mibuyu iliyosimama tangu kabla ya hoteli. Una jahazi za Wasini, mikoko ya Gazi, michoro ya kanga ambayo mama yako anaijua kwa majina. Chora hivyo. Mgeni ataona simba Tsavo, kwako amekuja kutafuta bahari.

Kuna vya kuacha pia. Magamba ya kasa na vipande vya matumbawe usibandike, kasa analindwa kwa sheria na mgeni wako atashikwa nayo uwanja wa ndege akikulaani. Na vitu vya kaya si vya kuchezea. Misitu ya kaya za Wamijikenda, Kaya Kinondo hapo Diani ikiwemo, iliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, lakini kwa wazee ilikuwa na heshima yake kabla UNESCO haijazaliwa. Vigango, zile nguzo za kumbukumbu ya marehemu, viliibwa makaburini vikauzwa kama mapambo mpaka Marekani, na baadhi ya makumbusho ya huko yamelazimika kuvirudisha. Ukitaka kutumia alama usiyoijua maana yake, nenda kamuulize mzee na kilo ya sukari mkononi. Akikukatalia, umekataliwa.

Bei sasa. Hapa ndipo damu inamwagika.

Kule ufuoni kuna kitu kinaitwa bei ya asubuhi. Mteja wa kwanza unampa bei ya kutupa ati akufungulie riziki. Wa pili naye anasema mwenzangu ulimpa hivi. Saa sita mchana umefungulia riziki kila mtu isipokuwa wewe. Chukua kalamu tupige hesabu ya taa moja. Tuseme kibuyu ni shilingi 100. Msasa na vanishi, 80. Waya, plagi na balbu, 450. Hiyo ni 630 kabla mkono wako haujagusa. Kazi yenyewe ni siku moja na nusu. Ukiiuza 800, umejilipa shilingi 170 kwa siku moja na nusu. Afadhali ungelala, angalau usingekula. Ukiiuza 2,500, umejilipa 1,870. Hiyo ni kazi.

Haya, fanya mbili kwa wiki, ni siku tatu, zilizobaki ufanye vibarua vingine. Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Novemba ni wiki 26, una taa 52. Zikiisha zote kwa 2,500, umebaki na shilingi 97,240. Zikienda nusu tu, ukitoa gharama za zile zilizobaki, una 32,240, na taa 26 ambazo haziozi, zinangoja Pasaka. Gawanya hiyo 97,240 kwa miezi 12 inakuja kama 8,100 kwa mwezi. Si utajiri, nilikwambia. Lakini ni karo ya kozi fupi, ni kodi ya chumba Ukunda, au ni mama kutokwenda kukopa chama mwezi wa Mei. Na hizo ni pesa za mwaka mzuri. Ukianza na taa 15 mwaka wa kwanza, anza na 15.

Utaniuliza nani atatoa 2,500 na ufuoni kuna twiga wa 500. Huyo si mteja wako, na ufuo si duka lako. Mwenzangu, kosa kubwa tunalofanya Diani ni kufikiri mteja ana ngozi moja. Agosti 1997 Likoni ilipowaka, wageni wakatoweka. Baada ya uchaguzi wa 2007 wakatoweka. Mei 2014 kampuni za Uingereza zikawapandisha ndege wateja wao kutoka Mombasa kabla likizo hazijaisha, kwa sababu ya onyo la usalama. Machi 2020 ndege za kimataifa zikasimama kabisa mpaka Agosti. Kila mara waliorudi kwanza ni nani? Mkenya. Familia ya Nairobi iliyoshuka na SGR, vijana sita waliochanga kukodi nyumba ya likizo, maharusi kutoka Nakuru. Hao wana nyumba wanazopamba, wana sebule za kupiga picha. Twiga wa mbao hawamtaki, wamekua wakimwona. Taa ya kibuyu yenye mbega wanaitaka, na wanalipa kwa M-Pesa wakiwa wamekaa.

Hata mzungu, ukimwendea vizuri, kibuyu kina sifa moja inayoshinda mbao: hakina uzito. Anayebanwa na kilo 23 za mzigo ataweka taa yako ndani ya kofia. Hakikisha tu umetoa mbegu zote na ndani ni kusafi. Nchi kama Australia na New Zealand ni wakali sana kwa mbegu na vitu vya mimea, lazima vitangazwe uwanjani, na kibuyu kinacholia kama kayamba kinaweza kuishia kwenye pipa lao. Mwambie mteja wako mapema.

Kwa hivyo taa zako zipeleke kwa wenye nyumba za likizo. Waombe waweke moja barazani na namba yako chini. Piga picha usiku, sio mchana. Tuma Nairobi kwa basi, ndani ya boksi lililojaa makumbi ya nazi, hayana gharama na yanazuia kuvunjika. Lakini neno moja kuhusu mali kauli. Mwaka mmoja mwenye duka fulani alichukua vibuyu vyangu 11 kwa maneno matamu, nilipe vikiuzwa, akasema. Viliuzwa. Mimi nililipwa vinne. Vile saba mpaka leo "bado anafuatilia." Siku hizi naandika kwenye karatasi, idadi, bei, tarehe, sahihi mbili, na picha ya hiyo karatasi. Mwenye nia njema hajawahi kukataa kutia sahihi.

Kuna hili la mganga pia, tusilipite kimya. Beba vibuyu 20 nyuma ya bodaboda kutoka Mwabungo uone macho ya watu. Kwetu kibuyu kimekaa sana kwenye mkoba wa mganga, na kuna jirani atakayesema kijana wa fulani ameanza mambo. Shangazi yangu mmoja alikataa kabisa kuingia chumba changu, akasimama mlangoni, "Hivyo vitu vyako vina nini ndani?" Nikamwashia taa. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama naweza kumtengenezea ya sebuleni, ila isiwe na shingo. Kwa hivyo zungumza na watu wa nyumbani kabla hujajaza vibuyu darini. Ni heshima, na pia ni mbegu, manake wao ndio wanaojua nani ana mmumunye wa shingo ndefu na nani ana wa duara.

Najua wengine mtasema hizi ni kazi za kudanganya vijana wakati kazi halisi hazipo. Nakubali nusu. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa 1988, wazazi wetu wakabaki wanakihadithia. Base Titanium wakamaliza kuchimba Desemba 2024 baada ya miaka kama 11, na wenzetu waliokuwa na buti na kofia ya kampuni wamerudi maskani. Kaunti na serikali kuu zinadaiwa majibu hapo na sitaki mtu atumie kibuyu changu kuzifutia deni. Kijana aliyesoma uhandisi hastahili kuambiwa aende akapake vibuyu. Lakini mimi na wewe tunaishi kwenye Mei hii hii, mvua hii hii. Ukiandamana Jumanne, mmumunye utaendelea kutambaa.

Kama unataka kuanza, fanya wiki hii kabla mvua haijapungua. Tafuta mbegu za vibuyu vya maumbo mawili tofauti, loweka usiku mmoja, chimba mashimo karibu na ua au mti ambao mtambaa utapanda, tia samadi, panda mbegu tatu kila shimo. Kining'inie hewani, kikilala chini kitakuwa bapa upande mmoja. Zungushia miiba mapema, mimi ya mwaka jana mbuzi wa jirani alikula mashina manne kwa asubuhi moja. Na ukipata wenye shingo iliyopinda kama ya bata, nakuomba mbegu. Wa kwetu huku umeisha.